Imekamilika

Jumatano, baada ya Magharibi

Neno lenyewe lilikuwa "imekamilika", nami nikaliamini mwezi mzima.

Leo Bi Mwanakombo amenipigia simu kutoka Msambweni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole ulionitia hofu. Alikuwa ametoka kwenye mahojiano ya kupandishwa cheo. Mmoja wa waliomhoji alijaribu kufungua kitambulisho cha mtandaoni, yaani kiungo cha kudumu, cha makala aliyoichapisha katika jarida letu, kikakataa. "Mwanangu," akasema, "wameniangalia kama mtu aliyejitungia makala isiyokuwepo."

Nikafungua rekodi ambayo mfumo wa usajili ulinirudishia mwezi uliopita, siku nilipotuma faili ya makala za toleo hilo. Juu kabisa: imekamilika. Chini, mahali nisipowahi kufika kusoma: makala tisa zimetumwa, nane zimesajiliwa, moja imekataliwa. Sababu: jina la ukoo halipo.

Bi Mwanakombo huandika kwa jina hilo moja tu. Nililiweka kwenye kisanduku cha jina la kwanza, cha ukoo nikakiacha wazi. Kumbe "imekamilika" maana yake mfumo umemaliza kuisoma faili. Basi. Hausemi kwamba umekubali.

Nimelihamisha jina, nimetuma upya, nimesoma rekodi hadi mstari wa mwisho. Sasa kinafunguka. Zipo faili nyingine za nyuma ambazo sikuzisoma hadi chini, na leo sina nguvu ya kuzigusa. Hata chai imenishinda.

Nimemwandikia kwamba tayari. Amejibu: "Alhamdulillahi. Na mahojiano nayo yamekamilika."