Mapigo Tisa Yasiyohesabiwa

Mtaa wa Mlýnská 14,
Litovel.
17 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Radim,

Habari za Adelaide? Natumaini mgongo wako umepoa, na Ivanka na mtoto hawajambo. Huku tu wazima. Baba anakula vizuri na anakwenda dukani na kurudi bila mkongojo. Theluji imeyeyuka, uwanja wa klabu ni tope tupu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekutukana.

Ile mbinu uliyomfundisha Baba wakati wa Krismasi imempa jina la mwizi. Unajua wazee wa klabu wakati wa baridi hucheza gofu ndogo mtandaoni, kila Jumapili saa nane, kila mtu kwake, wakisikilizana kwa kompyuta. Ulimwambia mpira ukielekea kukosa shimo, afunge ukurasa kabla mpira haujasimama, kisha afungue tena, pigo halihesabiwi. Kwako ulikuwa mzaha. Yeye alielewa kama mchezaji wa huku: kabla ya mashindano kila mtu huruhusiwa kujaribu kila njia apendavyo, ndipo hesabu ianze. Akadhani hayo ndiyo majaribio.

Wala hakuficha. Wiki mbili zilizopita alitia mpira katika mashimo sita kwa pigo moja moja, akaanza kuwaelekeza wenzake: la nne alilijaribu mara tisa kwanza. Mwenyekiti Hrubec akamkatiza. "Bohouš, miaka arobaini na mitatu tuko pamoja, leo unaniibia nimekaa jikoni kwangu?"

Baba akamjibu, "Nimekuibia nini, mzee kelele? Nimejaribu kwanza, kama siku zote."

Siku ya pili jina lake likaondolewa kwenye orodha ya mashindano ya Aprili mpaka kamati ikae.

Mbinu za kweli zipo. Ungemfundisha hizo. Nimekaa naye jioni nne tukazitafuta. Kwenye shimo lenye kinu cha upepo, usingoje panga linalozunguka lipite. Piga likiwa bado juu ya njia, maana mpira huchukua sekunde nzima kufika. Kwenye kona, lenga ukuta, si shimo, kwa robo tatu ya nguvu. Kwenye kilima, nguvu zote huurusha mpira nje. Nusu na kidogo inatosha. Nilimwomba pia aache kuweka kipanya cha kompyuta mfukoni mwa koti ili kipate joto, kama afanyavyo kwa mipira yake uwanjani. Akaniambia mkono wake unajua zaidi yangu.

Jumapili iliyopita nilikuwa kando yake. Kinu cha upepo, pigo moja, mpira ndani, nikiona kwa macho yangu. Desturi unaijua: wote hugonga meza mara tatu. Hakuna aliyegonga. Tulisikia redio ya Hrubec tu. Baba akangoja, kisha akasema, "Labda sauti imeharibika," akazima kompyuta.

Nimeripoti habari za mahakama miaka ishirini na saba. Nimewaona watu wengi wakihukumiwa kwa makosa yao. Huyu anahukumiwa kwa kosa lako.

Kamati inakaa Ijumaa, tarehe 15 Machi. Mwandikie Hrubec wewe mwenyewe. Sema mbinu ni yako, na kwamba ulijua ni udanganyifu na hukumwambia. Usitie utani. Usiandike "nilidhani".

Msalimie Ivanka, na umbusu mtoto. Shangazi Zdena anauliza kama mlipata soksi. Mungu awatunze huko mliko.

Baba naye anakusalimu. Hajui ninachoandika. Kila nikikutaja hunikatiza: "Mwache, alitaka baba yake ashinde." Yeye hana kinyongo nawe. Mimi ninacho, na nitakuwa nacho mpaka Hrubec aniambie amepata barua yako.

Dada yako, akupendaye hata leo,
Drahomíra