Ushuhuda wa Mzee Nissim

Naviundu, Lubumbashi, 3 Machi 2023

Mdogo wangu Lydie,

Jambo sana, na habari za Bruxelles? Baridi imekuachia miguu? Sisi hapa hatujambo, ila mtoto wetu Gaëlle malaria ilimlaza wiki nzima. Sasa anakula na kusumbua nyumba kama kawaida yake. Mama mkwe wangu anakusalimu.

Nina shida ndogo. Alhamisi, katika mafundisho, mwalimu Mwila aliinuka mbele ya wote: "Pasta, kitabu ya Isaya ni ya Bayuda. Sasa juu ya nini beye habamuone Yesu mule mu sura ya makumi tano na tatu?" Nilimjibu kwamba mioyo yao ni migumu. Akaniuliza tena: "Uliisha kuuliza Muyuda hata mumoja?" Kanisa zima likacheka. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Wewe si unamtunza yule mzee Myahudi mzaliwa wa hapa kwetu? Niulizie. Na pia Isaya 7, habari ya mtoto Imanueli. Mwambie ni ndugu yako tu anataka kujua.

Ni mimi kaka yako mkubwa, yaya wako,
Adalbert


Bruxelles, 19 Machi 2023

Yaya wangu,

Nashukuru Mungu Gaëlle amepona, mbusu kwa niaba yangu. Miguu yangu ipo. Mgongo ndio unanililia, maana Mzee Nissim ni mrefu na kumtoa kitandani si mchezo.

Nilimsomea barua yako tukinywa kahawa. Alicheka sana kwamba maswali hayatuishi: "Bantu ba Lubumbashi, hamuishake maulizo!" Unajua Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, kinashinda hata changu. Jibu lake nimeliandika vile vile alivyolisema:

"Umwambie yaya yako asianzie pa makumi tano na tatu. Aanzie mu sura zenye kutangulia. Mungu mwenyewe anasema mule mule: Israeli, weye njo mutumishi wangu. Sasa ule mutumishi banamupiga, banamuzarau, ananyamaza, njo shiye, bantu ba Israeli. Na benye kusema 'tulimuzarau' ni bafalme ba mataifa, iko banashangaa. Ile ya Imanueli, mufalme Ahazi alikuwa anaogopa bafalme babili benye kuya kumupiga. Mungu akamupa alama. Nyumba yako iko inaungua leo, nikuambie maji itafika kisha myaka mia saba, utafurahi?"

Nikamwambia, lakini mzee, mateso yale mbona yanafanana na ya Yesu? "Inafanana, ndiyo. Na yetu pia inafanana. Asome vile iko anasoma, hapana mubaya. Aseme tu: njo kusoma kwangu. Asiseme njo ya Nissim."

Kisha akaniomba jambo moja, yaya. Asiingizwe kanisani, wala jina lake wala maneno yake. Alipokuwa mtoto shuleni, huko huko Lubumbashi, mwalimu akifika kwenye sura hiyo alikuwa anamtazama yeye, na darasa lote linageuka. Nilimuahidi kwa niaba yako.

Nakutumia picha yetu, tunakula bukari, ugali wa kwetu. Alimaliza sahani. Ananiita mwanangu, na mimi huku sina mwingine wa kuniita hivyo.

Mdogo wako,
Lydie


Naviundu, 2 Aprili 2023

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, sisi wazima. Mgongo upake mafuta ya moto, usibebe mzee peke yako.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Mzee huyo ana akili, na mimi naona anakaribia. Si amesema mwenyewe kwamba inafanana? Kampeni yetu ya injili inaanza juma hili la Pasaka, tuombee sana.

Yaya wako,
Adalbert


Bruxelles, 11 Aprili 2023

Adalbert,

Leo sikuulizi afya ya mtu.

Asubuhi, baada ya kumwogesha, Mzee aliniomba kama kila siku nimwonyeshe Lubumbashi kwenye simu. Binamu Dédé alikuwa ametuma video ya kanisa lako. Mzee anapenda nyimbo za wamama, nikamwekea simu mkononi mimi mwenyewe. Wamama wakaimba, naye anapiga kidole mezani. Halafu nyuma ya mimbari likaonekana kaliko, lile bango lenu la kitambaa, na juu yake uso wake. Mimi umenikata. Umeacha mkono wangu tu begani mwake. Na maneno makubwa: MYAHUDI WA LUBUMBASHI AKIRI, ISAYA 53 NI YESU!

Kisha sauti yako: "Alisema yeye mwenyewe, inafanana! Bantu ba Mungu, Muyuda amekubali!" Watu wakapiga kelele za furaha.

Aliniomba niirudishe tangu mwanzo. Akaitazama yote, halafu akaniuliza: "Nilikuambia nini, mwanangu?"

Umenisaliti, yaya. Umemfanyia mzee wa watu kile kile alichofanyiwa akiwa mtoto darasani, na umetumia mdomo wangu. Jumapili simama mbele ya watu wale wale useme ukweli. Bango litoke.

Lydie


Naviundu, 30 Aprili 2023

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu katika Bwana. Presha imenipanda, lakini Mungu ni mwema. Gaëlle anakuuliza kila siku.

Nimechelewa kujibu kwa sababu hasira yako ilikuwa nyingi. Jina lake sikulitaja hata mara moja, kama ulivyoomba. Na lile neno sikulitunga mimi, alilisema yeye. Watu wamebatizwa mtoni kwa ushuhuda ule, Lydie. Mwila mwenyewe alilia, akaniomba msamaha mbele ya wote. Sasa nikisimama niseme vingine, nitakuwa nani katika kanisa hili?

Kama moyo wa Mzee umetulia, naomba umuulize kidogo juu ya Zaburi 22.

Yaya wako akupendaye,
Adalbert


Bruxelles, 7 Mei 2023

Adalbert,

Nilimsomea barua yako yote, hata hiyo Zaburi. Akasema niwashe simu nirekodi sauti.

Sauti hiyo nimeiweka leo katika kundi la WhatsApp la kanisa. Ulisahau kwamba bado nimo. Kama hujaisikiliza, anasema hivi: "Bandugu, miye niko Nissim, ule wa mu picha. Nilizaliwa kwenu, niko Muyuda, nitakufa Muyuda. Kile pasta alisema, miye sikukisema. Mwalimu Mwila, uliuliza muzuri. Jibu yangu, Lydie ataiandika hapa." Nami nimeiandika yote, tangu mfalme Ahazi mpaka mwisho. Mama Julienne, kiongozi wa wamama, amesikia. Mwila alinipigia saa ile ile. Hakuuliza mengi: "Pasta alijua?" Nilimwambia alijua.

Nilidhani baada ya hapo Mzee atanirudia. Alizima simu, akanirudishia, akasema: "Merci, madame." Tangu asubuhi ile ya video ananisemesha Kifaransa tu, kama mtu aliyeletwa jana, na binti yake anatafuta mtunzaji mwingine. Kiswahili chake amewapa watu wa kanisa lako. Mimi hakunibakizia hata neno moja.

Lydie Kabedi