Amplifaya Niliyoifunika kwa Majani ya Mgomba

Kituntu, Karagwe,
kupitia Bukoba,
16 Juni, 1957.

Mpendwa mdogo wangu Methodius,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua shikamoo yako iko njiani, basi marahaba naitanguliza. Hujambo wewe na mkeo Kemilembe? Kile kikohozi cha mtoto kimepoa? Mvua huko Kampala zimekatika? Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka. Nakwambia mapema usije ukauliza kwa nini mwandiko umelala.

Kahawa mwaka huu imeiva yote kwa pamoja, na wachumaji ni mimi na mdogo wetu Kokuhirwa tu. Mikono yake iko shambani, akili iko Kimuli kwa wakwe. Simlaumu, arusi ni tarehe 24 Agosti.

Sasa habari za zile spika zako. Tangu ulipozishusha kwenye lori wakati wa Krismasi, makabati mawili yanayonifika begani, watu hawaishi kuja kuzitazama. Methodius, ulituletea mdomo bila mapafu. Ulisema amplifaya tutatafuta wenyewe, ukapanda lori ukaenda zako. Baadaye ukaniandikia kwamba spika hizi zilikuwa za ukumbi wa sinema, zinakula nguvu nyingi, nisithubutu kununua amplifaya iliyo chini ya wati ishirini. Barua hiyo niliisoma mara mbili. Halafu nikaenda Bukoba nikanunua ya wati tano.

Usinune. Rwegoshora, yule muuza redio, aliniwashia dukani kwenye kispika chake kidogo, ikalia vizuri mpaka wapita njia wakasimama. Wati sikujua zina sura gani, bei niliijua. Rahisi ghali, nami ndiye niliyekuwa nikiwaambia wengine hivyo miaka yote.

Betri nayo ilikuwa na mambo yake. Melkiory, katekista wetu, aliipeleka kwa baiskeli mpaka Ndama kwenye mashine ya kusaga ili ichajiwe, tindikali ikavuja ikaila suruali yake ya kanisani. Renatha mkewe mpaka leo ananisalimu kwa kichwa tu.

Unajua kwa nini nahangaika hivi. Sauti ya Baba inaisha. Daktari wa misheni alimtazama koo akasema iliyopotea haitarudi, tuitunze iliyobaki. Na kwetu binti hatoki mpaka baba yake apige nyuzi za enanga na kumtajia wazee wa ukoo, mmoja mmoja, wakwe wakisikia. Siku yangu alisikika hadi barabarani. Wakwe hawawezi kusogea karibu, wanakaa kule mwisho wa ua mpaka waitwe, na wasiposikia majina watasema Kokuhirwa ametolewa kimyakimya kama mtu asiye na kwao. Mwezi uliopita Baba alijaribu kuimba sebuleni. Mimi nilikuwa mlangoni tu, na jina la babu halikunifikia.

Jumapili iliyopita tukaijaribu amplifaya. Melkiory aliunganisha spika zote mbili, akamwekea Baba maikrofoni mbele ya mdomo, sauti ikatoka kama ya kuku aliye ndani ya tenga. Tukazungusha kitufe hadi mwisho, ikawa mikwaruzo. Baba akaweka enanga chini. Ndipo Melkiory akachomoa spika moja, akapunguza kidogo, akamwomba Baba aanze tena polepole. Haikufika mwisho wa ua, lakini maneno yalitoka safi.

Manyunyu yakaanza. Nami kwa akili zangu nikakata majani ya mgomba nikaifunika amplifaya, nikachomekea pembeni vizuri, kama tunavyofunika mtumbwi wa pombe ya ndizi. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi wazi. Hakuna aliyenizuia, hata Melkiory alinishikia jani. Kumbe zile taa za ndani huwaka moto na zinataka hewa. Majani yakaanza kunukia kama ndizi za kuchoma, ukaja moshi, halafu kimya. Nilikaa kwenye tope nikalia, mimi mwanamke wa miaka arobaini na moja.

Lakini kuna jambo lililotokea kabla ya moshi, na ndilo linalonifanya nikuandikie leo badala ya kulala. Baba alisimamisha vidole kwenye nyuzi, akaigeukia spika, akasema, "Ni Tata huyo." Hakuwa amewahi kuisikia sauti yake ikimjia kutoka nje. Alisema ni baba yake mtupu, babu Kahigi, hata namna ya kuvuta pumzi kabla ya kutaja jina. Mimi babu sikumkuta, wala wewe. Nilimwonea Baba wivu, nakwambia kweli.

Rwegoshora anayo nyingine ya wati thelathini, tena si ghali, ila inataka injini ya umeme. Injini ikinguruma uani, nani atasikia majina? Basi nakuomba ununue ile uliyoniandikia, ya wati ishirini inayotumia betri. Spika moja itatosha, ya pili tutaifanya meza. Pesa ya kahawa atakuletea mjomba Placidius mwisho wa mwezi. Mabati ya nyumba yatasubiri. Safari hii sibishani nawe, na majani nitayaacha mgombani.

Kokuhirwa anakusalimu sana, anasema usije mikono mitupu. Shangazi Kokushubira anauliza kama bado unakula ndizi au umehamia mkate. Melkiory anakusalimu, na Renatha pia, nadhani.

Baba hajakusalimu. Nilimwomba neno moja la kukuandikia, akaweka kidole mdomoni. Tangu ile Jumapili hasemi na mtu. Uji anauomba kwa mkono, rozari anaisali midomo ikicheza tu. Anaitunza sauti mpaka Agosti. Njoo upesi, mdogo wangu, isije ikamwishia akiwa bado anaitunza.

Mama Bikira Maria awafunike nyote kwa joho lake.

Ni mimi dada yako akupendaye, na mchovu,
Auleria