Yule Mama wa Kondoa Ameondoka

Mama Deo, mke wangu,

Yule mama wa Kondoa ameondoka. Nimemfukuza mimi. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine, maana huko uliko watu wa Mabogini siku hizi ni wengi, na umbea sidhani kama wameuacha.

Wewe hukumjua. Alikuja ulipokwisha kuondoka. Nitafika kwake. Kwanza nianze na sisi, maana bila sisi hili halieleweki.

Unakumbuka tulivyoshuka. Kahawa ilikuwa imeanguka bei. Kaka mkubwa alichukua kihamba cha baba, shamba lote la migomba na kahawa, mdogo wetu wa mwisho akabaki na nyumba ya mama, mimi wa katikati nikapewa baraka. Ndiyo desturi, sikubisha. Lakini baraka hailimwi. Wewe ndiye uliyesema, "Tushuke kwenye mpunga, kule kuna vibarua." Tukashuka kwa miguu kutoka Kibosho. Wewe godoro kichwani na Deo mgongoni. Mimi jembe, sufuria, na ng'ombe wetu mmoja kwa kamba. Tulipopita Majengo watu walitoka madukani kutuangalia. Ukaniambia, "Tembea kama mtu anayekwenda kwake." Nikatembea hivyo.

Tulipanga chumba Mabogini kwa Bibi Mwajabu, mzaliwa wa pale pale, mwenye majaruba mawili ya mpunga. Siku ya tatu uliamka mapema, ukachukua mundu kwenda kukata majani ya ng'ombe, kama ulivyozoea mlimani. Ukaona majani laini, mabichi, yamesongamana kwenye maji. Hakuna mtu anayeyakata. Ukashangaa watu wa tambarare walivyo wavivu. Ukakata mzigo mzima, ukarudi umejitwika unaimba.

Kilikuwa kitalu cha mpunga cha Bibi Mwajabu.

Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Akaangalia mzigo. Akaangalia ng'ombe anavyotafuna. Nikajua leo tunalala nje.

Akasema, "Haya. Wachagga wameshuka na ng'ombe wa kula pilau."

Akacheka mpaka akakaa chini. Majirani wakaja. Mmoja akasema, "Mama wa mlimani, na nyama umemwekea? Pilau haliwi kavu." Na wewe ukacheka, umejiziba mdomo na kanga.

Mimi sikucheka. Nilikupiga kofi mbele yao.

Kicheko kikakatika. Bibi Mwajabu akaniangalia. "Kitalu ni changu," akasema. "Kofi ni la nani?" Nikaenda kumfunga ng'ombe.

Kesho yake alikushika mkono akakupeleka majarubani. Niliwasikia kutoka kwenye mfereji. "Hili jani. Huu mpunga. Hili jani. Huu mpunga. Rudia." Tukamlimia kitalu kingine, tukamwaga mbegu upya, yakaisha. Kwa mwenyekiti wa kijiji hakwenda. Angekwenda, tungerudi mlimani kwa aibu na hii barua nisingeiandika.

Lile kofi nililimaliza kama baba yangu alivyomaliza ya kwake. Jumapili nilipanda Kibosho, nikachuma jani la isale, nikashuka nalo, nikakuwekea mapajani. Nikakaa kimya. Kwetu ukiletewa isale unasamehe. Ukikataa, balaa ni lako. Ulilichukua ukalichomeka kwenye fito za ukuta, juu ya kitanda. Ukasema, "Haya." Basi. Nikajua limekwisha.

Halafu watu wakaanza kuingia kweli kweli. Wapare, watu wa Singida, watu waliopunguzwa kazi serikalini, wamekuja na makabati ya vioo kwenye nyumba za udongo. Mnada ukakua. Mashine za kukoboa zikawa tatu. Kanisa likapata bati, msikiti nao ukapata bati. Maji ya mfereji yaliyokuwa yanatosha yakawa ya zamu, na zamu ikawa ya ngumi. Wana wa Bibi Mwajabu wakawa wananung'unika, "Mmetujaza." Mimi nikajibu wajilaumu wenyewe, nani aliwaambia wapangishe.

Na sisi tukapata kile kipande chetu juu ya mfereji, pasipofaa mpunga. Tukajenga, tukachimba choo. Mtu akishakuwa na choo chake anaanza kuwaita wenzake wageni. Nilianza. Wewe ukaniambia, "Baba Deo, si na sisi tulikuja juzi?" Nikasema juzi yetu ni ya zamani. Ukaguna tu ukaendelea kupepeta mchele.

Homa ilipokuchukua, kaka alishuka na watu wa ukoo na gari, wakupandishe mlimani. Ulikuwa umekwisha kuniambia, "Msinipandishe. Mlimani sikuwa na shamba, nitakuwa na kaburi la nini?" Nikawaambia. Wakanuna. Kaka akasema, "Unamzika mkeo kwa watu." Nikasema hapa si kwa watu, hapa ni kwangu. Nikakuzika mwisho wa shamba, kwenye mpera.

Maneno ya kaka yaliniuma. Kwa hiyo nilipanda Kibosho nikarudi na miche minane ya isale. Mlimani mpaka bila masale si mpaka, unajua. Ukoo unapanda masale kwenye mipaka, na unapanda kaburini. Mimi nilipanda yote minane mpakani. Hata mmoja sikukuletea. Niliogopa watu wa kuninyang'anya kuliko nilivyokukumbuka wewe. Na kaburini sikuwa naenda. Nikiuona ule mpera nageuza njia, basi nikaacha. Ulikuwa na msalaba wa mti na udongo.

Sasa huyo mama. Anaitwa Mama Zaina. Mjane kama mimi. Alitoka Kondoa mwaka wa njaa, akapangishwa na mwana wa Bibi Mwajabu shamba linalopakana na letu, akajenga kibanda humo humo. Akapanda choroko. Asubuhi anapandikiza mpunga wa watu, jioni analima kwake. Kila siku ananiamkia, "Shikamoo Baba Deo." Namwitikia bila kuinua kichwa. Siku moja aliniletea mlenda kwenye bakuli. Unateleza kama kamasi. Nikawapa kuku. Bakuli nikamrudishia tupu, na kwetu bakuli halirudi tupu. Nilijua ninachofanya.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, nimetoka mashineni kubeba magunia, mgongo unawaka moto. Nafika mpakani nakuta mashimo manne. Masale manne hayapo. Nikapiga kelele mpaka mbwa wakaamka.

"Umeng'oa mpaka wangu!"

Akatoka, mikono ina unga. "Yale maua, baba? Mimi nime—"

"Maua! Maua ya mama yako?"

Akafungua mdomo tena. Nikamwambia funga. Nikaenda kwa mwenyekiti hivyo hivyo na vumbi la pumba.

Mwenyekiti ni mtu wa Uru. Wajumbe wawili nao ni wa mlimani. Niliposema tu masale, hawakuhitaji jingine. Wakamwita kikaoni. Mwenyekiti akamuuliza, "Uling'oa?"

"Niling'oa."

"Ukapeleka wapi?"

Akaangalia chini. Akasema, "Nilidhani ni maua tu."

Watu wakacheka. Mama Deo, si kile kicheko cha pilau. Hiki kilikuwa na meno. Mjumbe mmoja akasema, "Leo maua, kesho atadhani nyumba ni kichuguu." Wakaamua avune choroko zake aondoke, na mwenye shamba akakubali. Mwenyekiti akaniuliza kama nina neno. Nilikuwa nalo.

"Aende."

Wiki ile ile barua ya Deo ilifika kutoka Mbeya. Anaendelea vizuri na kibanda chake cha vipuri vya baiskeli. Kasema tu wenyeji wamechoka na watu wa kwetu. Wanasema, "Mmetujaza." Nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Sikutaka kuisoma mara ya pili.

Siku Mama Zaina anavuna, mbuzi wa watu aliingia kwangu. Nikamfukuza kwa fimbo, akakimbilia kwenye mpera. Ndivyo nilivyofika kwako. Si kwa mapenzi. Kwa mbuzi.

Nikayaona masale yangu. Manne. Moja kila pembe ya kaburi. Yameshika, yametoa majani mapya. Udongo umefagiliwa. Chini ya mpera kuna kopo, lina maji nusu. Mtu alikuwa anakumwagilia, mke wangu, na mtu huyo hakuwa mimi.

Nilikaa chini palepale. Yule mbuzi akala mahindi yangu nikamwacha.

Nikaenda kwake. Nilimkuta anapiga choroko kwenye turubai. Nikamuuliza kwa nini hakusema kikaoni.

"Ningesema nini, baba?" Hakuacha kupiga. "Mimi mgeni. Nisimame mbele ya watu niseme nimechimbachimba kaburi la mke wa mtu? Nikinyamaza ni mwizi wa mpaka. Nikisema ni mchawi. Nikachagua mwizi."

"Na kwa nini ulipanda?"

"Kila nikipalilia namwona yuko peke yake. Wewe umepanda maua njiani, mwenzako hana hata moja. Nikasema nimhamishie machache, utafurahi." Hapo ndipo akaacha kupiga. "Nilikuwa nakuambia siku ile ile. Ukaniambia nifunge mdomo."

Nilikwenda kwa mwenyekiti mbio, mimi na umri huu. Nikamwambia tufute. Akasema, "Meku, mzee wangu, umechelewa. Mwenye shamba amekwisha kumpa mtu wa mjini. Anajenga." Nikamwambia yule mama hana kosa, kosa ni langu. Akasema, "Kosa lako halina kiwanja." Akaendelea kunywa chai.

Sikujua la kufanya. Nikafanya ninalolijua. Nikaja kwako, nikachuma jani la isale kwenye kaburi, nikampelekea. Alikuwa anafunga mzigo. Nikamwekea jani juu ya mzigo, nikasimama, nasubiri.

Akaliangalia. Akaniangalia mimi.

"Baba Deo, unaniletea tena hili? Si ndilo linalonifukuza?"

Nikamweleza. Kwamba kwetu hili ni msamaha. Kwamba mtu akiletewa, hata kama ameuliwa ndugu, analipokea na yanaisha. Nilieleza kirefu mpaka jasho likanitoka. Akasikiliza mpaka mwisho, si kama nilivyomfanyia mimi.

Akasema, "Ni desturi nzuri. Lakini mimi hili silijui. Kwetu mtu akikosa, anasema kwa mdomo."

Tukasimama. Mdomo ulikuwa mzito. Nimebeba magunia ya mpunga miaka yote hii, sijabeba kitu kizito hivyo. Nikasema, "Nimekosa, Mama Zaina."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Akajitwika mzigo wake. Alipofika mpakani akageuka, akasema, "Jua likizidi usisahau kummwagilia mama." Nasikia yuko Bomang'ombe, anauza choroko sokoni. Mzigo aliondoka nao bila jani. Jani aliliweka juu ya figa la jikoni kwake, nililikuta pale.

Mtu wa mjini alikuja wiki iliyofuata na gari la mchanga. Akachimbia nguzo za zege. Zimeingia kwangu hatua tatu, masale manne yaliyobaki yako upande wake sasa, na gari lake limeyakanyaga. Nikaenda kwa mwenyekiti. Akasema, "Yule ana ramani." Hakuna aliyeitisha kikao. Hakuna aliyecheka. Mwizi wa mpaka amekuja kweli, anaamkiwa shikamoo.

Kwa hiyo masale niliyobaki nayo ni hayo manne ya kwako. Nguzo hazijakufikia. Zikija zitanikuta nimekaa hapo. Sasa sigeuzi njia tena. Nakuja jioni na kopo lile lile.

Na kuna jambo moja nimelifikiri tangu siku ile. Lile jani nililokuwekea mapajani kwa Bibi Mwajabu. Ulisema, "Haya." Miaka yote nilidhani ni msamaha. Sasa naona ungesema nini kingine? Desturi ilikufunga mdomo kama mimi nilivyomfunga yule mama. Nilikuletea jani ili nisiseme neno. Na lile jani ulilitunza ukutani mpaka likakauka, likawa rangi ya tumbaku, na bado hukulitoa. Labda ulikuwa unasubiri.

Kile kilikuwa kitalu cha watu, na wewe ulikuwa mgeni, hukujua, na ulikuwa unacheka. Hukuwa na kosa.

Safari hii sikuletei jani, unayo ya kutosha. Nimekosa, Mama Deo. Nilikupiga, na nimekosa.

Usinijibu, "Haya." Kaa na neno hili. Kesho jioni naja na maji.

Mume wako,
Baba Deo