Kamau Hakupanda Mpunga

Mjukuu wangu Muthoni,

Hapa Nyeri tuko wazima, na babu yako anajisifia kahawa aliyoipogoa vibaya.

Unauliza, kwa utafiti wako, kwa nini magazeti ya zamani yaliwaficha wanawake. Mimi pia niliwaficha. Nikiwa mwandishi mpya, niliandika habari za wakulima wa Wang'uru: wanaume kwa majina kamili, wanawake kwa majina ya watoto wao, kama tunavyoitana kwa heshima. Mmoja akaja ofisini na gazeti mkononi.

"Ati Mama Kamau? Kamau ako na miaka mbili! Ni yeye alipanda mpunga?"

Nikamuuliza jina lake, na sikuacha kuuliza hadi nilipostaafu.

Basi usiniandike "nyanya yangu". Andika jina. Huwezi kulikosea, ulipozaliwa ndilo ulilopewa.

Muthoni