Supu ya Majani ya Pipani

Mwanangu, nakuandikia viatu vikiwa mguuni na gari la wagonjwa linanguruma mlangoni. Supu iko jikoni, ~~ipashe moto ule~~ usiionje hata kijiko. Usiimwage pia, daktari anaweza kuitaka.

Asubuhi nilikwenda sokoni. Yule mama muuza mboga alikuwa anakata mabua mekundu na kutupa majani yake, mapana, mabichi kabisa. Kwetu tunakula majani ya maboga, ya kunde, ya muhogo, na nchi zote nilizozurura hakuna jani lililowahi kunidhuru. Nikayaokota pipani. Akanipigia kelele kwa lugha ya huku kwenu, nisiyoijua, nikadhani ni uchoyo. Nikamwambia, "Mama, hata takataka unaninyima?" nikaondoka nacheka.

Mkeo hakuipenda ile supu, nilimwona usoni. Alimaliza bakuli kwa heshima yangu tu. Wewe ungeisukuma pembeni, nakujua, na leo ningekushukuru. Jirani alimsikia mkeo anatapika, akaja, akayaona majani mezani, akashika kichwa, akanionyesha kwa ishara kuwa huliwa bua tu, jani ni sumu. Ndiye aliyeita gari.

Angalia gesi, nimeizima harakaharaka. Utukute hospitali ile ya karibu na kazini kwako.

Mkeo wameshamlaza garini, macho ameyafumba, nikimwita haitiki. Mtoto yuko kwa jirani, yeye hakuonja. Mimi nilikula mabakuli mawili, na mikono imeanza kutetemeka.

Baba yako