Kengele Ambayo Sikuipiga

Jumanne, Blacktown, huku ughaibuni. Joto limeshika tangu asubuhi, feni inazungusha hewa ya moto tu, na mimi roho haijatulia kwa sababu nyingine kabisa.

Nimemdanganya mzee wa watu.

Niandike yote, labda nitapumua. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao, na Mzee Raghav ni mteja wangu kule Doonside, mtaa wa jirani. Mwaka wa pili huu namwogesha, namvalisha, namchemshia chai yake ya iliki. Ananiita "beti", yaani binti kwa lugha yao. Mwezi jana nilipomwambia nimealikwa India kwenye harusi ya Anjali, mwenzangu wa kazini, na kwamba harusi yenyewe ni Gwalior, alilia. Ndiko alikozaliwa. Miguu yake haiwezi tena safari, na mkewe alifariki mwaka jana bila kurudi kwao.

Aliniomba kitu kimoja tu. Kwenye njia ya kupanda ngomeni kuna hekalu dogo la mawe. Siku waliyooana, yeye na mkewe walipiga kengele iliyo mlangoni. Nami niipige mara moja, kwa ajili ya mkewe.

Nikamwambia asijali, ahesabu nimeshaipiga.

Nilifika kweli. Gwalior ni mji wa kukuacha mdomo wazi: hekalu kila unapogeuka, na ngome imekaa juu ya jabali kama imeota hapo. Mlangoni pa hekalu la mzee nilivua viatu, mawe yakanipa baridi nyayoni. Anjali akanielekezea simu anirekodi. Nikainua mkono.

Nikaushusha.

Ningependa kuandika hapa kwamba imani ndiyo iliyonizuia. Si kweli. Niliwaza kina mama wa kanisani kwetu hapa Blacktown, wanavyochungulia status zangu. Niliwaona wakinikalisha kikao kwa sababu ya kengele ya hekalu. Nikamwambia Anjali apige picha ya kengele peke yake. Jioni nikamtumia mzee, na maneno mawili chini yake: "Nimeipiga, Baba."

Leo ndiyo shift yangu ya kwanza tangu nirudi. Nimeingia sebuleni, nikaiona ukutani. Bintiye ameikuza ile picha, kubwa kama sinia la pilau, akaitundika mbele ya kiti cha mzee, kando ya picha ya marehemu.

"Ililiaje, beti?" akaniuliza, hata mkoba sijauweka chini.

"Vizuri sana, Baba. Kwa nguvu, hadi njiwa wakaruka."

Njiwa! Nani alinituma niongeze njiwa?

Aligeuka akaitazama ile picha. Kisha akasema asante, akaomba chai. Hakuitaja tena Gwalior hadi naondoka, naye ni mtu wa kuisimulia mpaka umsihi apumzike.

Nimerudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Amecheka. "Mama Neema, achana na hiyo story. You were on leave, hukuwa kazini. Na huyo mzee atajuaje?"

Atajuaje. Neno hilo likanifanya nifungue simu niitazame ile picha vizuri, kwa mara ya kwanza. Nikaivuta kwa vidole ikawa kubwa, kama ilivyo ukutani kwake.

Kengele ni tupu. Kile chuma cha ndani, kinachoning'inia na kugonga, hakipo. Pamebaki kitanzi chenye kutu. Kengele ile haijalia miaka, na ningeigusa tu ningejua.

Na mzee ameketi mbele ya picha hiyo wiki nzima, miwani machoni.

Aliniuliza akijua.

Labda alitumaini nitamwambia niliigonga kwa ufunguo, kwa kiatu, kwa chochote kile. Labda alikuwa ananipa nafasi ya kusema kweli. Mimi nikampa njiwa.

Kesho saa moja asubuhi nipo kwake tena. Kabla ya kumwogesha, kabla ya chai, nitachuchumaa mbele ya kiti chake nimwambie yote, hata habari ya kina mama wa kanisani. Nimeandika sentensi ya kuanzia mara tatu, nikaifuta mara tatu. Anaweza kupiga simu ofisini wamletee mtu mwingine, na atakuwa na haki.

Lakini si hilo ninaloliogopa. Naogopa kwamba nikimaliza kusema, ataniita kwa jina langu.